Mzee anataka jikoni ya kisasa kabla tuuze nyumba, na mimi naona paa linavuja

SWALI

Dada, habari za kazi. Nimekuwa nikisoma safu yako kitambo na sikuwahi kufikiria ningekuandikia, lakini hii mambo imenikosesha usingizi na hata nyumbani siku hizi hatuongei vizuri.

Tuko Buruburu, maisoneti ya vyumba vitatu. Tulinunua 2007 kwa milioni 3.4 na tumeishi hapo miaka yote, watoto wamekulia hapo, sasa wote wawili wametoka, mmoja yuko Nakuru kikazi na mwingine ameoa. Mzee anastaafu Aprili na ushago kwetu Makueni tumeshajenga nyumba ndogo ya kututosha, kwa hivyo hii ya Nairobi tumekubaliana tuiuze. Kuuza hatubishanii. Kile tunabishania ni tufanye nini kabla ya kuuza.

Kuna broka aliletwa na jirani, akazunguka nyumba yote akipiga picha, halafu akatuambia vile iko saa hii hatuwezi pata zaidi ya milioni 9, lakini tukiweka jikoni mpya na top za graniti, sebuleni tuweke jipsam na zile taa zinaingia ndani ya dari, na hapo nje tuweke kabro, yeye atatuuzia 11. Na ati fundi wa hiyo kazi yote anaye. Tangu hiyo siku mzee hasikii kitu ingine. Amepiga hesabu imefika laki tisa. Laki nne tuko nazo tumeweka kando, hizo tano zingine anataka kukopa kwa Sacco yake, asilimia 1 kwa mwezi, tutalipa tukiuza.

Sasa dada, mimi ndiye nashinda kwa hiyo nyumba na najua shida zake. Chumba cha watoto huko juu kinavuja mvua ikinyesha sana, kuna vigae vilivunjwa na vijana walikuja kuweka dishi na hatukuwahi kuvibadilisha. Ukuta wa bafu upande wa nje una unyevu, rangi inabambuka kila mwaka tunapaka tena. Mabomba ni yale ya chuma ya zamani, ukifungua maji asubuhi yanatoka na kutu kwanza. Stima bado inatumia ile boksi ya fyuzi tuliyoikuta. Sakafu ya chini ni ya mbao, imefifia, mzee anasema tuifunike na tailzi. Halafu 2014 tulijenga chumba cha duka hapo mbele, cha mawe, tukakikodisha mpaka korona ikaja mwenye duka akafunga, na ukweli ni kwamba kaunti hatukuchukua kibali na pakingi yote imeliwa. Reti za kaunti, hiyo kodi ya ardhi, tuko na deni la 86,000. Hati iko kwa jina la mzee, ni ya lizi, yaani ardhi ni ya kukodi kwa miaka, imebaki miaka 50 na kitu.

Kijana wetu mkubwa naye ana wazo lake, anasema tusiguse chochote, tuhamie ushago tupangishe nyumba mwaka mmoja au miwili, bei ipande ndiyo tuuze.

Naomba unisaidie. Hizo laki tisa zitarudi kweli? Nini ifanywe na nini iachwe? Na nitamwambiaje mzee bila aone nampinga, maana hii ni pesa yake ya kustaafu na anaamini anafanya vizuri.

Mama wa Wawili, Buruburu


JIBU

Mama wa Wawili, asante kwa kuandika na kwa kuweka mambo wazi hivi, maana wengi huniuliza tu "nirekebishe nini" bila kuniambia nyumba iko mtaa gani wala shida yake ni nini.

Wacha nianze na laki tisa. Kwa ile njia ya broka sizioni zikirudi, na ile sehemu ya mkopo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Mnunuzi wa nyumba kuukuu huwa haongezi pesa kwa kile angependa kujichagulia mwenyewe. Graniti ya rangi gani, kabati za aina gani, dari ya namna gani, hayo kila mtu ana yake na wengi wakinunua wanabomoa waanze upya. Lakini kile kinamtia hofu, huyo atakitoa kwa bei, na hatakitoa kwa gharama halisi ya kukitengeneza, atakitoa kwa hofu yake. Akiona dari ya chumba cha watoto ina alama ya maji, wewe unajua ni vigae kadhaa vya kubadilisha, yeye anaona paa zima, anaona mbao zimeoza, anatoa laki tano kichwani mwake hapo hapo mlangoni na hata hakwambii, anakuja tu na ofa ya chini. Ama hakuji kabisa. Kwa hivyo pesa yenu iende kuondoa hofu, na ikiisha hapo muishie hapo.

Halafu mfikirie ni nani atanunua. Kwa wenzetu wenye bangaloo za zamani Kileleshwa au Lavington mimi huwaambia wasipake hata ukuta mmoja, kwa sababu anayekuja anataka ardhi ajenge fleti, nyumba yenyewe ataiangusha. Buruburu ni tofauti kidogo. Kama nyumba yenu inatazama Mumias South Road au Rabai Road, anaweza kuja mtu wa kliniki, ofisi au shule ya watoto wadogo, na huyo jikoni yako hana haja nayo. Kama mko ndani kwa koti, kwa zile nyumba zilizokusanyika pamoja mbali na barabara kubwa, mnunuzi wenu ni familia imechoka kupanga fleti inataka geti yake na uwanja kidogo wa watoto, ama mtu wa dayaspora ananunulia wazazi. Hawa wengi hawaji na mkopo wa benki. Nchi nzima mikopo ya kununua nyumba ilikuwa kama 30,000 tu kulingana na ripoti ya Benki Kuu ya 2023, watu wananunua na akiba, Sacco, na shamba limeuzwa mahali. Mtu kama huyo amehesabu pesa yake hadi mwisho. Na kumbuka juu ya bei yako yeye ndiye analipa ushuru wa stempu, mjini ni asilimia 4, kwa hivyo nyumba ya milioni 9 inamtoa 360,000 nyingine na wakili wake bado hajalipwa. Ukimpandishia hadi 11 hata hiyo stempu inakuwa 440,000. Na mtu mwenye 11 mkononi tayari anaangalia fleti mpya zenye lifti na maji ya kisima, huyo si yule yule wa 9 ati kwa sababu umemwekea graniti.

Sasa tuingie nyumbani.

Paa ndilo la kwanza, na lifanywe kabla ya Oktoba, maana mvua ya vuli ikianza fundi hatapanda huko juu na akipanda ataharakisha. Atoe vigae vyote vilivyovunjika, aangalie na vile vya mgongoni mahali simiti imepasuka, asafishe gata, na muhimu zaidi aingie ndani ya dari na tochi aangalie mbao. Usikubali fundi anayekuja na ndoo ya dawa ya kuzuia maji akitaka kupaka juu ya kigae kilichovunjika, hiyo itakaa mvua moja au mbili. Akimaliza ngojeni mvua ya kwanza kubwa ndiyo mpake rangi hiyo dari. Najua mzee atataka kila kitu kimalizwe mara moja, lakini dari ikipakwa leo na ivuje wiki ambayo mnunuzi anakuja mtakuwa mmeharibu kazi na pia jina, maana ataamini mlikuwa mnaficha.

Ule ukuta wa bafu vile vile. Kila mwaka mnapaka na kila mwaka unabambuka, hiyo inakuonyesha maji yanatoka mahali na hakuna rangi itayazuia. Fanya hivi: siku maji ya kaunti yako, usiku mkienda kulala mfunge mifereji yote na tanki likiwa limejaa, uandike namba za mita. Asubuhi kabla mtu afungue maji uangalie tena. Namba zikisonga bomba linavuja mahali. Zisiposonga, bado inaweza kuwa bomba linalotoka kwa tanki, ama yale maungio ya tailzi za bafu ambayo yamekwisha maji yanapenya mkioga. Plamba akishajua ni gani atengeneze, halafu ukuta uachwe ukauke wiki kadhaa, plasta iliyooza ibanduliwe irudishwe mpya, ndiyo rangi.

Na kwa sababu plamba atakuwa hapo tayari, hayo mabomba ya chuma myaondoe. Bomba la chuma la zamani linashika kutu kwa ndani, njia inazidi kuwa nyembamba, presha inaisha. Sisemi mvunje kuta zote. Yale yanayopita nje na yale ya kuingia jikoni na bafuni yabadilishwe yawekwe ya plastiki ngumu, yale watu wanachoma na mashine kuunganisha. Hapa Nairobi na huu mgao wa maji, kitu cha kwanza mgeni wa nyumba anafanya ni kufungua mfereji. Maji yakitoka masafi na kwa nguvu, na tanki liko juu halivuji, umeshajibu swali kubwa kuliko la graniti. Kama tanki ni dogo na pesa itaruhusu, ongezeni ukubwa. Hiyo naihesabu kwa zile chache zenye mnunuzi analipia kweli.

Stima usiiache. Boksi ya fyuzi itolewe, iwekwe ya swichi zinazojikata zenyewe, na fundi awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi, sio yule kijana wa mtaa anayejua kuunganisha waya tu. Mwombe akupe karatasi ya kazi aliyofanya. Mnunuzi akiuliza waya ni za mwaka gani unamwonyesha hiyo karatasi na hayo yanaishia hapo.

Duka. Hapa ndipo nimekaa nikafikiria sana, kwa sababu mlijenga kwa mawe na jasho lenu na kuna wakati lilileta kodi. Lakini saa hii limefungwa, halina kibali, na limekaa juu ya pakingi. Wakili wa mnunuzi akiomba ramani zilizopitishwa na kaunti mtampa za nyumba, na hilo duka halimo. Hapo mnunuzi makini anarudi nyuma, na yule wa benki, kama atakuwa wa benki, mthamini wao ataandika kwa ripoti kwamba kuna jengo bila kibali na benki itasumbua. Kuna njia ya kulihalalisha, mnachora ramani kwa mtaalamu aliyesajiliwa, mnapeleka kwa ofisi ya mipango ya kaunti, mnalipa, mnangoja, na bado wanaweza kukataa kama limeingia kwa nafasi inayotakiwa kubaki wazi kutoka barabarani. Kwa chumba kimoja ambacho hakina mpangaji sioni faida. Ningelitoa. Piga simu kaunti uulize kama mnahitaji ruhusa ya kubomoa, halafu mtafute mtu anayenunua mawe, mlango na mabati yaliyotumika, wapo wengi, gharama itapungua. Fikiria familia ya mnunuzi imekuja na gari lao, wanaliacha barabarani huku geti yako inafungukia ukuta wa duka. Mkilitoa nyumba inapata pakingi, mwanga unarudi sebuleni, na mbele inaonekana vile ilikuwa imekusudiwa. Nasema bila kusita kwamba, ukiacha tanki kubwa la maji, hii ndiyo kazi moja kwa nyumba yenu inayoweza kuongeza bei, hizo zingine zote zinazuia tu isishushwe. Hapo chini mkikuta simiti imeharibika mwage nyingine, inatosha. Kabro ya uwanja mzima mwachieni mwenye nyumba mpya.

Sakafu ya mbao, tafadhali mwambie mzee asiifunike! Hizo mbao za zamani hazipatikani tena kwa bei ya kawaida, na fundi wa kusugua na mashine na kupiga vanishi anaweza kumaliza sebule kwa siku chache kwa sehemu ndogo ya bei ya tailzi. Zile zimelegea zigundishwe kwanza. Kuna wanunuzi wanatafuta nyumba za zamani kwa ajili ya hizo sakafu.

Jikoni: milango ya kabati iliyolegea ikazwe bawaba, ipakwe rangi ya mafuta ama ibadilishwe milango tu huku mabodi ya ndani yakibaki, vishikio vipya, mfereji mpya, sinki isuguliwe mpaka ing'are, na ile mistari ya katikati ya tailzi isafishwe na kujazwa upya. Basi. Jipsam hapana. Taa badilisheni balbu ziwe zenye mwanga mzuri. Choo ambacho tanki lake linatiririka usiku kucha kitengenezwe na kifuniko kiwe kipya, hivyo ni vitu vya bei ndogo lakini mtu akiviona vibovu anajiuliza ni nini kingine kiliachwa hivyo.

Rangi ije mwisho kabisa, ndani nyeupe au krimu, nje iwe ile inayofanana na nyumba za jirani kwenu. Geti na grili zisuguliwe kutu zipigwe rangi. Na mtoe vitu, mama. Miaka yote hiyo mmekusanya, makochi mawili, kabati za watoto walioondoka, hebu anzeni kupeleka Makueni saa hii, chumba kikiwa na vitu vichache kinaonekana kikubwa na hiyo haina gharama, ni nauli ya lori tu ambalo hata hivyo mngelilipia.

Kuna kazi nyingine ambayo si ya fundi na mimi naiweka sawa na paa. Karatasi. Hilo deni la 86,000 la reti lilipwe, kabla hata hujanunua kopo la rangi, ulizeni kwanza kaunti kama kuna msamaha wa riba wakati huo maana huwa wanautoa mara kwa mara. Na kwa kuwa hati ni ya lizi, angalieni pia kodi ya ardhi ya serikali kuu, hiyo ni tofauti na reti za kaunti na watu husahau, bila vyeti vya kuonyesha hamna deni huko kote umiliki hauhamishwi. Halafu mzee aingie Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ahakikishe nyumba yenu imo na jina liko sawa na kitambulisho. Kubadilisha hati za zamani za Nairobi kwenda kwa mfumo mpya kulianza 2021 na kuna watu wamegundua namba ya hati imebadilika siku ambayo mnunuzi ameshatoa deposit, wakaanza kukimbizana na ofisi wakati mnunuzi anahesabu siku. Miaka 50 ya lizi si mbaya, lakini ijue kamili maana utaulizwa. Hati yenyewe asipewe broka hata kwa dakika moja, kopi inatosha.

Sasa wazo la kijana wenu, hapa nataka mnisikilize wote watatu. Ukiuza nyumba kwa faida kuna kodi ya ongezeko la mtaji, KRA wanachukua asilimia 15 ya faida, ilikuwa asilimia 5 mpaka mwisho wa 2022, ikapandishwa kuanzia Januari 2023. Anayelipa ni muuzaji. Mlinunua 3.4, tuseme mmeuza 10, faida ni milioni 6.6, na asilimia 15 yake ni 990,000 kabla hamjatoa gharama zinazokubaliwa. Hiyo ni zaidi ya pesa yote mzee anataka kutumia kwa ukarabati! Lakini sheria inasamehe nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani mfululizo miaka mitatu kabla tu ya kuhamisha umiliki. Ninyi leo mko ndani ya huo msamaha. Mkihamia Makueni mpangishe mwaka mmoja au miwili halafu muuze, hamtakuwa mmeishi hapo miaka mitatu ya mwisho, na msamaha unaondoka. Kodi atakayolipa mpangaji nayo KRA wanakata asilimia 7.5, na baada ya mpangaji kutoka mtapaka rangi tena. Kijana ana nia nzuri lakini hilo wazo linaweza kuwatoa karibu milioni. Kaeni ndani mpaka umiliki uhamishwe, mwekeni wakili awathibitishie na awajazie yale ya iTax, ile tovuti ya KRA, maana hata ukisamehewa lazima uombe. Risiti za fundi na za hadwea zote mziweke kwa faili moja, kama mambo yatabadilika na mtatozwa kodi, gharama za kuboresha nyumba zinapunguza faida inayohesabiwa, lakini mdomo mtupu KRA hawakubali.

Kuhusu ule mkopo wa Sacco. Laki tano kwa asilimia 1 ni 5,000 mwezi wa kwanza, inaonekana kidogo, lakini nyumba ya bei hiyo inaweza kukaa sokoni nusu mwaka au zaidi, na hata ukipata mnunuzi kesho, kawaida anatoa asilimia 10 halafu kumaliza ni siku 90, na mara nyingi inapita hapo. Mzee anastaafu Aprili. Mshahara ukikatika na mkopo haujaisha Sacco itashika akiba yake ama iwaendee waliomdhamini. Pesa ya mtu anayestaafu isiwekwe rehani kwa ajili ya dari ya jipsam ya nyumba anayoiacha. Hizo laki nne zinatosha kazi niliyokuandikia kama mtatoa 86,000 za reti kwanza, paa na ule ukuta mtenge kama laki moja, mabomba na bafu 70,000 hivi, kutoa duka 40,000, stima 25,000, rangi na sakafu na vitu vidogo vya jikoni 65,000, na kitu kidogo kinabaki cha dharura. Haya ni makadirio yangu, kwotesheni tatu kwa kila kazi ndizo zitasema ukweli, na zikizidi, punguza kwa rangi na jikoni, usipunguze kwa paa. Hilo tanki kubwa liingie tu kama kuna kitu kimebaki.

Kwa mzee. Usimwendee na "nilikwambia". Anataka muondoke Nairobi mkiwa na kitu mkononi na anajaribu kuwapigania, mwanzie hapo. Mwambie mwite mthamini aliyesajiliwa, mumlipe awape thamani mbili, ya nyumba vile iko na ya nyumba ikiwa imefanyiwa yale broka alisema. Mtu ambaye hapati komisheni wala hana fundi wa kuleta, maneno yake mzee atayasikia tofauti. Na huyo broka muulizeni mbele ya nyote wawili awaonyeshe nyumba za phase yenu ya Buruburu zilizouzwa kweli kwa 11, zilizouzwa, sio zilizotangazwa, na kama amesajiliwa na bodi ya maejenti wa nyumba. Kama hana jibu, mzee mwenyewe ataona. Halafu kazi ya kusimamia mafundi mpe yeye, paa na duka vinahitaji mtu wa kusimama hapo kutwa nzima na najua atafurahia.

Na ujue tu, hata kama hati iko kwa jina lake, hiyo ni nyumba ya ndoa, na kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haiuzwi bila idhini yako. Wakili atakuuliza na utatia sahihi. Sikuambii hivyo uende kumtishia nayo, nakuambia ili ukikaa kwenye hayo mazungumzo ukae kama mwenye nyumba, maana ndivyo ulivyo.

Kwa bei, mkishapata ripoti ya mthamini muanzie juu yake kidogo, na wewe na mzee muandike mahali ile bei ya chini kabisa ambayo hamtapita, muikubaliane kabla mnunuzi wa kwanza hajabisha geti. Msiitaje kwa broka.